Kisa cha mnunuzi aliyetaka farasi 220 akaondoka na 140

Kwa nini kisa hiki

Wengi wanaonijia kuulizia gari huwa wameshachagua. Kwangu wanafuata baraka tu. Mnunuzi wa kisa hiki naye alikuja hivyo hivyo. Nimemchagua kwa sababu aliandika kila lita ya petroli na kila senti ya gereji kwa miezi 20, kazi ambayo wengi huiahidi na wachache huimaliza. Na pia kwa sababu kosa kubwa la kisa hiki halikutokea siku ya kununua. Lilitokea miezi saba baadaye, sote tukiwa tumeshapumua. Mimi mwenyewe nilikosea hesabu mahali pawili, nitapaeleza.

Majina, mahali na alama za watengenezaji wa magari yaliyokaguliwa vimeondolewa. Magari matatu yaliyoshindana nayaita A, B na C. Fedha nimezigeuza vipimo: gharama ya kuendesha gari lake la zamani kwa kilomita moja ni 100, na kila namba nyingine isomwe kwa kulinganishwa na hiyo.

Usuli

Mnunuzi ni mama wa miaka thelathini na kitu, ameajiriwa, ana mume na mtoto wa miaka mitatu. Kwa mwaka huendesha kilomita kama 22,000. Theluthi mbili ni barabara kuu yenye kona nyingi, theluthi moja ni foleni za asubuhi na jioni. Gari lake lilikuwa hachibaki ya kawaida, yaani gari dogo lenye mlango wa tano nyuma: injini ya lita 1.3 isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), nguvu ya farasi 87, uzito wa tani moja na kilo chache, petroli lita 6.4 kwa kilomita 100. Halikuwa limeharibika. Lilikuwa limemchosha.

Kilichomwasha moto ni lifti aliyopewa na mwenzake wa kazini katika hachibaki ya spoti ya lita 2 yenye tabo. "Fundi, lile gari likitoka kwenye kona linakuvuta kama limekasirika," aliniambia. Siku hiyo hiyo alikuwa na picha za magari sita kwenye simu, yote ya aina ile ile, yote yenye rimu nyeusi.

Masharti aliyoyaandika yalikuwa matatu. Gharama ya kuendesha isizidi mara moja na nusu ya gari la zamani, yaani 150 kwa kipimo chetu. Gari liwe la mtumba, lisizidi miaka sita. Kiti cha mtoto kiingie na kutoka bila mtu kuumia mgongo. Sharti la nne hakuliandika, ila ndilo lililomleta: gari limfurahishe. Mume wake alilitaja kwa kejeli kidogo ("mama anataka mashindano"), nami nikaliandika juu kabisa ya karatasi. Kama furaha haimo katika hesabu, hakuna sababu ya kununua gari la spoti, na mazungumzo yangeishia pale.

Nguvu, uzito, na nani analipa

Kabla ya kwenda kukagua chochote tulikaa saa nzima na kalamu, kwa sababu Mnunuzi alikuwa akihesabu farasi peke yake.

Mfano niliompa ni wa gari ambalo kila mpenzi wa aina hii analijua. Volkswagen walionyesha Golf GTI ya kwanza Frankfurt mwaka 1975, wakaanza kuiuza 1976. Ilikuwa gari la familia lililowekewa injini ya lita 1.6 yenye farasi 110, na gari zima lilikuwa na kilo 800 na ushei. Hiyo ni kama farasi 135 kwa kila tani. Golf GTI ya kizazi cha saba, iliyotoka 2013, ina farasi 220 lakini imebeba kilo 1,350 hivi, kwa hiyo farasi 163 kwa tani. Nguvu ya injini imeongezeka maradufu. Nguvu kwa uzito imeongezeka kwa humusi tu. Suzuki Swift Sport ya mwaka 2017 ina farasi 140 na kilo 970, sawa na farasi 144 kwa tani. Kwa hesabu hiyo gari dogo la leo liko karibu na babu wa ukoo kuliko mjukuu aliyerithi jina.

Sisemi hivi kuyadharau magari makubwa. Golf ya farasi 220 hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 6.5 na bado inabeba familia. Lakini uzito una bili yake, na bili hiyo haiji kwenye pampu ya mafuta peke yake. Nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza hufuata uzito moja kwa moja, na hufuata mwendo kwa kipeo cha pili: ukitoka kilomita 100 kwa saa hadi 120, nishati inaongezeka kwa asilimia 44. Gari zito lenye nguvu linahitaji diski kubwa zaidi, diski kubwa zinahitaji rimu kubwa, rimu kubwa zinahitaji matairi mapana yenye ubavu mfupi, na matairi hayo ni ghali na hayadumu. Yote hayo yanafungwa mbele, ambako matairi mawili yanafanya kazi tatu: kuvuta, kupinda na sehemu kubwa ya kusimamisha.

Mnunuzi akauliza, "Kwa hiyo petroli siyo tatizo?" Nikamwambia tuandike tuone.

Magari matatu na karatasi ya hesabu

Gari A lilikuwa chaguo lake la moyo: lita 2 yenye tabo, farasi 220, giaboksi ya klachi mbili (inayobadilisha gia yenyewe), rimu za inchi 18, miaka sita, kilomita 98,000. Gari B lilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye tabo, farasi karibu 200, kilo 1,200, gia za mkono, milango mitatu, kilomita 71,000. Gari C nililiongeza mimi: lita 1.4 yenye tabo, farasi 140, chini kidogo ya tani moja, gia za mkono, matairi ya 195/45 (upana wa milimita 195, ubavu asilimia 45 ya upana huo) kwenye rimu za inchi 17, kilomita 64,000. Alipoliona C kwenye karatasi alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyeahidiwa pilau akaletewa uji.

Makadirio yetu kwa kilomita 22,000 za mwaka yalikuwa haya:

| Kifungu | La zamani | A | B | C |
|---|---|---|---|---|
| Petroli | 52 | 78 | 69 | 56 |
| Bima | 18 | 41 | 35 | 27 |
| Sevisi | 14 | 27 | 23 | 19 |
| Matairi | 6 | 23 | 18 | 13 |
| Breki | 4 | 12 | 10 | 6 |
| Akiba ya matengenezo | 6 | 24 | 18 | 9 |
| Jumla | 100 | 205 | 173 | 130 |

Kushuka kwa thamani tulikuhesabu kando, na hakukubadilisha mpangilio. Petroli ya A na B tuliikadiria kwa bei ya oktani 98 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kulipuka kabla ya wakati), kwa kuwa ndivyo kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi kilivyoshauri. Injini ya tabo ikipewa oktani ndogo kuliko inayoitaka haiharibiki siku hiyo hiyo. Kihisio cha kugonga kwa injini husikia mlipuko usio wa wakati wake, kompyuta inachelewesha cheche, na unabaki na gari lenye nguvu pungufu linalokunywa zaidi. Yaani unaokoa kwenye pampu kisha unakilipa ulichookoa barabarani.

Sasa itazamwe safu ya A. Ilizidi gari la zamani kwa 105. Katika hizo 105, petroli ni 26 tu. Robo. Robo tatu zilizobaki ziko kwenye bima, matairi, sevisi, breki na akiba, vifungu ambavyo hakuna anayevitaja watu wakibishana juu ya gari "linalokula mafuta". Mume wake, ambaye hoja yake yote ilikuwa petroli, alinyamaza kidogo, kisha akasema kitu ambacho nimekitumia kwa wateja wengine tangu siku ile: "Kumbe mimi nalalamikia chumvi, nyama sijaihesabu."

B nalo lilivuka 150. Tulikubaliana tulikague hata hivyo. Makadirio ni ya aina ya gari, na gari moja mahususi laweza kuwa bora au baya kuliko jamaa zake.

Ukaguzi

Gari A lilituonyesha hali yake kwa matairi. Yalikuwa manne ya watengenezaji wanne. Mtu anayenunua gari la farasi 220 kisha akavalisha tairi moja moja, lolote la bei nafuu lililopatikana, ameshindwa na gharama za gari lile, na kama ameshindwa kwenye matairi yanayoonekana ameshindwa pia kwenye yasiyoonekana. Daftari la sevisi lilithibitisha. Giaboksi ya klachi mbili zinazoogelea kwenye mafuta, ya aina iliyokuwa ndani ya gari hilo, ilitakiwa ibadilishwe mafuta yake kila kilomita 60,000. Kwenye 98,000 hakukuwa na rekodi hata moja. Barabarani, kwenye mwendo wa kutambaa, lilikuwa likitetemeka likibadilisha kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Diski za mbele tulizipima kwa kalipa ya kupimia unene na kulinganisha na namba ya kikomo iliyopigwa kwenye ukingo wa diski yenyewe: zilibakisha nusu milimita. Gari lilikuwa zuri sana kuliangalia.

Gari B lilikuwa kisa kingine. Tulipofika niligusa boneti, ikawa ya moto. Muuzaji alisema ametoka kulihamisha. Inawezekana, lakini injini iliyokwisha kupata moto huficha kelele za cheni na moshi wa kuwasha asubuhi, hivyo tukaomba kurudi kesho yake mapema, bila kuwashwa. Injini iliwaka safi. Nikaanza kuwa na matumaini. Mnunuzi alipoliendesha alirudi macho yanang'aa. "Fundi, hili ndilo." Kweli lilikuwa tamu: usukani mwepesi wa kujibu, gia fupi, mwisho wa nyuma wa gari unaojipanga wenyewe ukiachia mafuta katikati ya kona.

Nilipochomeka mashine ya kusomea hitilafu hakukuwa na hitilafu. Ila namba ya toleo la programu ya injini haikulingana na ile ya kiwandani, na plagi zilizokuwa ndani zilikuwa za daraja la baridi zaidi kuliko zilizoandikwa kitabuni. Dalili hizo mbili zikiwa pamoja, mtu ameichezea programu ili tabo isukume zaidi. Tulipouliza, jibu lilikuwa kwamba "halijaguswa". Baadaye likawa "liliguswa kidogo, likarudishwa". Hakuna aibu katika kuongeza nguvu. Aibu ni kuficha. Klachi na tabo vya gari hilo vilikuwa vimefanya kazi ambayo hatukujua ukubwa wake, na kampuni ya bima isipoambiwa mabadiliko inaweza kukataa kulipa siku ya ajali.

Hapa ndipo mimi na Mnunuzi tulipogombana, na nadhani alikuwa na haki zaidi kuliko nilivyokubali siku ile. Alisema: kama tunajua limeguswa, si tupunguze bei na tuweke akiba kubwa zaidi? Kimahesabu ni hoja halali. Nilimjibu kwa ukali kuliko ilivyostahili. Kilicholimaliza gari B, mwishowe, hakikuwa hoja yangu. Kilikuwa kiti cha mtoto. Mume wake alikileta, wakajaribu kukifunga nyuma kwa kupitia mlango wa mbele uliokunjwa kiti, mtoto akilia, mvua ikianza. Dakika kumi na moja. Hakuna aliyesema neno kwenye safari ya kurudi.

Gari C lilikuwa na daftari kamili, mafuta ya injini yaliyobadilishwa kila kilomita 8,000 hadi 10,000, matairi manne ya aina moja yenye tarehe zilizokaribiana. Tarehe husomwa kwenye ubavu: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, hivyo 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Rangi ya mlango mmoja wa nyuma ilikuwa nzito kuliko ya bodi iliyobaki, mkwaruzo ulionyoshwa. Muuzaji alilisema hilo kabla hatujatoa kipimo.

Majaribio mawili na uamuzi

Jaribio la kwanza la C lilikuwa asubuhi ya Jumamosi, na lilimwangusha moyo. Ukitoka kwenye farasi 200 ukaingia 140, mgongo unaona tofauti. Alisema linakwenda vizuri "kwa gari dogo", na niliisikia sauti ya mtu anayeaga.

Nilimwomba jaribio la pili, Ijumaa jioni akitoka kazini, amechoka, ana mtoto nyuma, kwenye njia yake mwenyewe ya kila siku. Tulifanya hivyo kwa C, na wiki iliyofuata rafiki wa muuzaji wa A alituruhusu kufanya hivyo kwa A pia. Sijui kwa nini watu hujaribu gari wakiwa wamepumzika, barabara ikiwa tupu, halafu wanaishi nalo wakiwa hoi kwenye foleni.

Kwenye foleni, A lilitetemeka, na rimu za inchi 18 ziliusomesha uti wa mgongo kila ufa wa lami. Kwenye kona za barabara kuu lilikuwa na kasi ya ajabu, ila Mnunuzi aligundua kwamba akikanyaga kwa sekunde nne tu katika gia ya tatu anakuwa tayari amevunja sheria, hivyo anatumia nusu ya gari na kulipia zima. C kwenye barabara ile ile lilimtaka afanye kazi. Lilitaka gia ya tatu mahali ambapo A lilijiendea kwa ya tano, na lilijiinamisha kidogo ubavuni kumwonyesha kasi aliyonayo. Aliporudi alisema maneno ambayo ndiyo uamuzi wenyewe: "Lile jingine linakimbia. Hili ninalikimbiza mimi."

Alilinunua C. Mume wake alikubali kwa sababu ya 130, yeye kwa sababu ya gia ya tatu. Sababu tofauti, sahihi moja.

Siku ya kukabidhiwa nilimpa maelekezo matatu. Mafuta ya injini yawe ya sanisi, daraja la API SP (alama ya ubora inayoandikwa kwenye chupa ya mafuta), yabadilishwe kila kilomita 8,000 hata kama kitabu kinaruhusu zaidi. Gari likiwa kwenye mizunguko 1,500 katika gia ya tano, asikanyage hadi chini. Ashuke gia kwanza. Injini ndogo za tabo zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina ugonjwa wa mchanganyiko kulipuka kabla ya cheche, hasa zikibebeshwa mzigo mkubwa kwenye mzunguko mdogo, na mlipuko wa namna hiyo unaweza kuvunja pistoni. Daraja la SP la mwaka 2020 lina jaribio mahususi la tatizo hilo. La tatu: ajaze tangi hadi pampu ikate, aandike lita na kilomita, asiamini namba ya dashibodi.

Matokeo

Miezi sita ya kwanza ilikuwa kama tulivyoandika, na nzuri kidogo. Petroli ilikuwa lita 6.7 kwa kilomita 100, sisi tulikadiria 6.9. Jumla ilikuwa 128.

Mwezi wa saba alinitumia picha. Rimu za inchi 18, nyeusi, matairi ya 215/35 ya mpira laini. Hakuniuliza kabla, na hakulazimika. Gari ni lake. Kipenyo cha nje kilikuwa karibu sawasawa na cha awali, kwa hiyo spidomita haikudanganya, na duka lililomuuzia lilisisitiza jambo hilo kama ushahidi kwamba "hakuna kinachobadilika". Kilichobadilika ni ubavu wa tairi. Kwenye 195/45 ubavu ni milimita 88. Kwenye 215/35 ni milimita 75. Milimita 13 za hewa na mpira, ambazo ndizo humeza shimo kabla halijafika kwenye rimu, zilikuwa zimeuzwa. Tulipima gurudumu moja kwa mizani: lilizidi la zamani kwa kilo 3.4. Mara nne, tena uzito usiobebwa na springi, ambao shokomzoba inapaswa kuutuliza kila tuta.

Mwezi wa tisa aliingia shimo usiku. Rimu ya mbele kushoto ikapinda, tairi likatoa nundu ubavuni, na nundu ubavuni maana yake nyuzi za ndani zimekatika; tairi hilo halizibwi, linatupwa. Mwezi wa kumi na moja ikaanza sauti ya kunguruma, beringi ya gurudumu lile lile. Petroli ikapanda hadi lita 7.2. Na gari, kwa maneno yake, "likawa linagonga badala ya kupinda". Wepesi alioununua ulikuwa umefunikwa. Kwa miezi hiyo saba, kuanzia wa saba hadi wa kumi na tatu, gharama ilikuwa 163, bila kuhesabu bei ya rimu zenyewe. Ilivuka kikomo chake cha 150, na ilikaribia makadirio ya B.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na tatu alirudisha rimu za inchi 17. Miezi saba iliyobaki ikawa 134. Kwa miezi yote 20 na kilomita karibu 36,700, wastani ni 142.

Kilichofanya kazi

Jaribio la Ijumaa jioni ndilo lililoamua, na ningelichagua mbele ya saa zote nilizotumia kwenye jedwali. Jedwali lilimwambia gari lipi hawezi; jaribio lilimwambia gari lipi anataka, na mtu hufuata la pili. Ningempa jedwali tupu angenunua C kwa huzuni na kuliuza ndani ya mwaka.

Kutenganisha vifungu kulisaidia pia, hasa kuitoa petroli kwenye kiti cha mbele. Laiti tungehesabu petroli peke yake, A lingeonekana ghali kwa nusu tu ya gari la zamani, na angeshawishika kwamba ataendesha taratibu akaliziba pengo. Hakuna uendeshaji wa taratibu unaopunguza bima.

Matairi kama shahidi wa tabia ya mwenye gari hayajawahi kuniangusha.

Kilichoshindwa

Kwanza langu. Nilikadiria matairi ya mbele ya C yangefika kilomita 40,000. Yale aliyoyavaa akaanza nayo yaliisha mapema mno, na alipoyarudisha ya inchi 17 tuliyakuta yamelika upande wa ndani. Alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, ilikuwa nje tangu siku ya kununua, nami sikuipima kwa sababu gari lilinyooka barabarani. Kunyooka hakuthibitishi kitu: magurudumu mawili yakikosea kwa kiasi sawa gari linanyooka huku yakilana. Tangu hapo alaimenti ni sehemu ya ukaguzi wangu.

Kosa langu la pili lilikuwa bima. Niliandika 27 nikidhani gharama hiyo imesimama. Alipoweka rimu mpya ilibidi azitangaze kwa bima, na ada ikapanda kidogo. Nilimfundisha kuhesabu gari kama linavyouzwa, sikumwambia kwamba kila kitu atakachokibadili kinarudi kwenye jedwali na kugusa vifungu vinne kwa mpigo.

Kosa la rimu wengine watalihesabu la Mnunuzi peke yake. Sikubaliani. Tangu mwanzo alikuwa anataka rimu nyeusi. Zilikuwemo kwenye picha zote sita alizonionyesha siku ya kwanza, na mimi niliziona nikazipita kama upuuzi. Sharti lake la furaha lilikuwa na sehemu mbili, gari linavyokwenda na gari linavyoonekana, nami niliiandika moja. Zingepakwa rangi nyeusi zile zile za inchi 17 kwa sehemu ndogo ya gharama, mambo yangekuwa yameisha. Hatimaye ndivyo alivyofanya.

Kuhusu B, bado sina hakika. Kama lingekuwa na milango mitano, na bei ikashushwa vya kutosha kubeba klachi mpya na tabo, hoja yake ya akiba ingesimama. Lingebaki juu ya 150, lakini kikomo kile alikiweka yeye, na angeweza kukisogeza akijua anachokilipia. Ukali wangu ulikuwa wa fundi anayechukia kudanganywa. Huo ni msimamo wangu, haukuwa uchambuzi wa gari lake.

Lilipo sasa

Gari lina kilomita zaidi ya 100,000. Klachi ni ile ile, na inashika mapema kwenye pedali, dalili nzuri. Mafuta ya giaboksi yamebadilishwa mara moja, ya breki mara moja. Wiki iliyopita Mnunuzi alinipigia kuuliza kama gari linaweza kuvaa rimu za inchi 16, kwa vile amesoma kwamba ni nyepesi zaidi na ubavu wa tairi unarefuka. Nikamwambia kwanza avue gurudumu moja apime kama kalipa ya breki ya mbele, ile inayobana diski, itaenea ndani ya rimu ndogo hivyo.